Nilivyojiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne katikati ya msimu wa korosho

Kwetu Newala, mkoani Mtwara, kama ilivyo Tandahimba na Masasi, mtihani wa kidato cha nne huja wakati mgumu kuliko wote. Baraza la Mitihani la Tanzania huuendesha mwezi Novemba, wakati korosho bado zinaanguka, minada inaendelea, na hakuna mtu nyumbani anayefurahi kumwona kijana mwenye nguvu zake amekaa na daftari. Mwanafunzi wa bweni hasumbuliwi na jambo hilo. Mimi nilikuwa mtahiniwa wa kujitegemea, nikiishi kwa mjomba wangu mwenye shamba la mikorosho, na nilikuwa narudia masomo matatu: Baiolojia, Jiografia na Hisabati. Katika kila somo nilihitaji angalau C, ambayo huanzia alama 45.

Shuleni tulikuwa na namna moja ya kusoma. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tulinukuu, na mtihani ukikaribia tulipiga msuli usiku kucha, tukirudia nukuu zile zile kwa sauti mpaka usingizi utushinde. Kwa maisha ya shambani namna hiyo haikuwezekana, kwa kuwa anayekesha na kitabu hawezi kuamka alfajiri kwenda kupulizia mikorosho salfa, dawa ya unga, kazi inayotaka kufanywa mapema, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa bado na umande ili unga ushike. Kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa hili: muda mchache nilio nao nautumiaje?

Jibu lilianzia kwa binamu yangu aliyekuwa akisoma ualimu Mtwara mjini. Katika daftari lake la saikolojia ya elimu mlikuwa na habari za Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kumbukumbu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885: tunachojifunza hupotea kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua, na marudio yaliyoachiwa nafasi hushinda marudio ya mfululizo. Mlikuwa pia na jaribio la Roediger na Karpicke, Wamarekani, la mwaka 2006. Waliorudia kusoma habari walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima bila kuangalia maandishi ndio waliokumbuka zaidi. Nilipolisoma hilo nilielewa kwa nini mtu anaweza kuzijua nukuu zake vizuri usiku, na asubuhi ya mtihani akazitafuta asizione. Kusoma tena kunaleta raha ya kuona kila kitu kinafahamika, na raha hiyo ndiyo inayomdanganya msomaji.

Nikachukua katoni ya sabuni, nikaigawa vyumba vitatu kwa vipande vya boksi, nikakata manila kuwa kadi ndogo. Utaratibu huu ulielezwa na mwandishi wa habari Mjerumani, Sebastian Leitner, mwaka 1972, nami niliurahisisha. Upande mmoja wa kadi niliandika swali, kwa Kiingereza kama litakavyoulizwa, na upande wa pili jibu. Kadi za chumba cha kwanza nilizipitia kila siku, za chumba cha pili kila baada ya siku chache, za chumba cha tatu mara moja kwa wiki. Kadi niliyoijibu sawasawa ilipanda chumba, niliyoshindwa ilirudi cha kwanza hata kama ilikuwa imefika mwisho. Faida yake kubwa niliiona wiki za mnada, ambapo sikugusa kitabu kabisa. Niliporudi sikuwa na haja ya kujiuliza nianzie wapi, kwa sababu katoni ilinionyesha.

Msimu wa kuokota ulipofika, kadi zilikwenda shambani zimefungwa kwenye pindo la kanga. Nilisoma swali moja nikianza mti, kisha nikatafuta jibu kichwani huku nikiokota na kutenganisha korosho na mabibo, na niliigeuza kadi pale tu nilipofika kwenye gunia kumimina ndoo. Karibu kadi zote za sura ya mmeng'enyo wa chakula ziliingia madoa ya maji ya mabibo, nayo hayatoki kwenye karatasi kama yasivyotoka kwenye nguo, ikabidi niandike nyingine. Sikuona hasara, kwa maana kuandika upya kulikuwa kujipima kwingine.

Jioni nilimweleza mjomba nilichosoma. Hakusoma sekondari, na ndiyo sababu alinifaa zaidi ya mwenzangu wa darasani, ambaye angekubali istilahi bila kuuliza. Siku moja nilimweleza jinsi majani yanavyotengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua, nikaongeza, kwa kujiamini, kwamba ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, huharibu mavuno kwa kuzuia mwanga usifike kwenye majani.

"Lakini ubwiriunga unakausha maua, mpwa wangu," akasema. "Maua nayo yanapika chakula?"

Sikuwa na jibu, nikarudi kwenye kitabu. Ubwiriunga ni kuvu, na kuvu wa aina hiyo huishi kwa kunyonya chakula kutoka katika seli hai za mmea, hasa sehemu changa kama maua na majani machanga, kwa hiyo ua hukauka kabla ya kufunga korosho. Swali la mjomba likaniunganishia sura mbili nilizokuwa nimezisoma kama vitu visivyohusiana, lishe ya mimea na lishe ya kuvu.

Hisabati haikukubali kadi, isipokuwa kwa kanuni chache. Tatizo la vitabu vya mazoezi ni kwamba maswali yote ya logi yamewekwa pamoja, na ya takwimu pamoja, hivyo unajua njia ya kutumia kabla hujasoma swali, ilhali kwenye mtihani kutambua njia ndiyo nusu ya kazi. Nilikata maswali ya mitihani iliyopita, nikayachanganya kwenye kopo la maziwa, nikawa nachomoa bila kuchagua. Mwanzoni nilifanya vibaya kuliko nilipokuwa nafuata kitabu, na wengi huiacha njia hii hapo hapo. Jumapili nilikaa kwa saa tatu kamili na mtihani mzima, simu nikiwa nimempa shangazi. Usomaji wa ramani katika Jiografia nao ulitaka ramani yenyewe, rula na uzi wa kupimia barabara zilizopinda.

Kitu kilichonisaidia kusahihisha kinapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Zinaeleza swali baada ya swali watahiniwa walikosea wapi, na kuonyesha sampuli za majibu mazuri na mabaya. Nashangaa kuona vijana wakilipia tuisheni za kubashiri maswali huku hawajawahi kuzifungua taarifa hizo, zilizoandaliwa na walewale wanaotunga mtihani. Mimi nilizipakua mjini Newala, nikawa natoa jibu langu kwanza, kisha nalilinganisha na sampuli.

Matokeo yalitoka Januari: B ya Baiolojia, C ya Jiografia na C ya Hisabati. Ile ya Hisabati ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa kuwa mara ya kwanza nilipata F.

Katoni sasa inatumiwa na mtoto wa mwisho wa mjomba, aliye kidato cha pili. Alipoipokea alitaka kuanza moja kwa moja na kadi zangu za Baiolojia, zenye madoa na zisizo na madoa. Nikazitoa zote, nikamnunulia manila na kumwambia aandike za kwake, maana maswali yale niliyatunga kufuatana na yale yaliyokuwa yananishinda mimi, na yanayomshinda yeye bado hatuyajui.