Syed Mujtaba Ali, Mbengali aliyechekesha bila kumdhalilisha mtu

Jamani wa Tanga mnaopenda vitabu, kuna aliyewahi kumsikia Syed Mujtaba Ali? Mimi nilikutana na jina lake nikitafuta habari za Makhoja, Waislamu wa asili ya Kihindi, hawa hawa tuliokua nao hapa mjini, nilitaka kujua walikuwa wapi kabla hawajavuka bahari kuja huku pwani, basi katika kuchimba chimba nikakuta kuna Mbengali aliandika tasnifu ya udaktari juu ya asili ya Makhoja na maisha yao ya dini, Chuo Kikuu cha Bonn kule Ujerumani, ikachapwa 1936. Nikajua huyu ni mwanazuoni wa kukunja uso. Kumbe kwao Bangladesh na Kolkata ukitaja jina lake watu wanaanza kucheka kabla hujamaliza, maana ndo bingwa wao wa stori za kuchekesha.

Alizaliwa 1904 Karimganj, wakati huo ni Sylhet, leo ipo Assam upande wa India. Tagore, yule mshairi mkubwa wa Kibengali, alipopita Sylhet 1919, huyu dogo akamwandikia barua na mzee akamjibu, baadaye akaenda kusoma chuoni kwake Santiniketan akamaliza 1926. Toka hapo ni safari tu, Kabul kule Afghanistan, Ujerumani, Cairo pale Al-Azhar, akarudi India kufundisha Baroda. Lugha alizijua zaidi ya kumi na wala hakuzijua za kuombea kazi, alizijua za kukaa na watu barazani mpaka usiku mkubwa. Ukimsoma utaliona hilo, anaandika kama mtu anayekusimulia mmekaa, anaanza na jambo la chakula, anakatiza kwenye aya ya Kiajemi, anarudi kwenye chakula, na wewe hujapotea hata kidogo.

Kitabu chake kilichomtoa ni Deshe Bideshe, cha 1948, habari za miaka aliyofundisha Kabul, 1927 mpaka 1929. Humo kuna Abdur Rahman, mtumishi wake, jitu la miraba minne kutoka milima ya Panjshir. Usiku wa kwanza anaandaa chakula. Inakuja sinia ya nyama, inafuata kababu, inafuata pilau imelaliwa na kuku mzima, mwalimu wa watu yuko peke yake mezani ametoa macho, na Abdur Rahman akiiona ile sura anadhani mgeni anaona chakula kidogo, anamtoa wasiwasi kwamba kingine kipo jikoni bado! Halafu anaanza kumsifia kwao Panjshir, theluji yake, hewa yake, kwamba huko mtu akivuta pumzi tu njaa inarudi anamaliza kondoo.

Sasa hapo ndo ninapompendea. Angekuwa mwandishi mwingine wa zama zile, mtumishi wa milimani angekuwa kichekesho cha ujinga wake, tumeviona vitabu vya hivyo na sisi wenyewe tumeandikwa hivyo na wageni. Mujtaba Ali anacheka, ila anayechekwa zaidi ni yeye mwenyewe, mwalimu mwembamba aliyeshindwa na sahani. Na Abdur Rahman anazidi kukua kila ukurasa, mpaka uasi ulioongozwa na mtu anaitwa Bacha-i Saqao unapomng'oa mfalme Amanullah 1929 na mji unakosa chakula, ndipo unaelewa kwamba ulikuwa unacheka na mtu ambaye utalia kuachana naye. Mwandishi anaondoka kwa ndege, Abdur Rahman anabaki chini kwenye theluji anapunga kilemba. Mimi ukurasa ule niliusoma nikakifunika kitabu nikakaa.

Ipo na stori yake ya forodhani, wengi wanaijua hiyo tu. Rosogolla ni vitonge vya maziwa yaliyokatika, vinachemshwa kwenye shira, na Mbengali kwa rosogolla humwambii kitu. Bwana mmoja, Jhandu, anashuka bandarini Venice na kopo lake limezibwa vizuri, zawadi ya kupeleka London. Afisa wa forodha anataka lifunguliwe. Anaelezwa likifunguliwa kilichomo kitaharibika, hasikii. Haya, likafunguliwa, na Jhandu akaanza kugawa kwa kila aliyepo, Mfaransa, Mjerumani, Mtaliano, wote wanafumba macho kwa utamu, kasoro afisa tu kakaza shingo, basi akashikwa akapakwa rosogolla usoni. Mkubwa wake kuja, kaonja, kaongeza, na lawama zote zikamwangukia afisa. Sisi watu wa bandari tunaijua ile sura ya afisa vizuri sana.

Msidhani kazi yake ilikuwa kuchekesha tu. Mwaka 1947, Pakistani imezaliwa juzi, alisimama Sylhet mbele ya watu wakali akatetea Kibengali kiwe lugha ya taifa upande wa mashariki wa nchi hiyo, ndiyo Bangladesh ya leo, akasema mkiwalazimisha watu Kiurdu wataasi. Baadaye akawa mkuu wa chuo Bogra, huko huko mashariki, msimamo ule ule ukamtia matatani na serikali, ikabidi aondoke arudi India. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi wakapigwa risasi Dhaka kwa ajili ya lugha yao, na ndiyo siku ambayo dunia sasa inaadhimisha lugha za mama. Sisi tunaosherehekea Kiswahili kila tarehe 7 Julai tungepaswa kumjua mtu huyu. Alirudi Dhaka baada ya Bangladesh kupata uhuru, akafia huko Februari 1974.

Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Kabul ipo, ya Nazes Afroz, ilitoka 2015. Nimeanza kuigeuza ile sura ya chakula kwa Kiswahili nije niisome barazani kwetu Ngamiani, na kitu kinachonisumbua ni sauti ya Abdur Rahman, Kiswahili sanifu kinamkausha kabisa. Kwa sasa namwongelesha kama mzee wa Lushoto aliyeshuka mjini anasifia baridi ya kwao, na naona anakubali. Kama kuna anayesoma Kibengali chenyewe tafadhali anicheki, kuna sentensi za jikoni pale nataka kuzihakikisha.