Binti wa kaka anataka Mlimani

Nyumbani Nyegezi wiki hii ni stori moja tu: binti wa kaka anataka kuhama chuo. Yuko mwaka wa kwanza uhasibu hapa hapa Mwanza, GPA imekaa vizuri, na sasa roho yote iko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kaka ameshaanza kuwatangazia majirani.

Mimi shangazi nikauliza swali lisilopendwa: kule utaingia kozi gani? Uhasibu upo, ila nafasi zinagombewa. Akanijibu, "Nikikosa nachukua yoyote, shangazi. Muhimu jina."

Jina lina uzito, sibishi. Marekani, mchumi Mark Hoekstra alionyesha mwaka 2009 kwamba vijana wa kiume Wazungu waliopenya kwa tabu kuingia chuo kikuu kikubwa cha jimbo walikuja kulipwa takriban asilimia 20 zaidi ya waliokosa kidogo. Lakini hao waliingia tangu mwanzo. Wa kuhamia ni habari nyingine. Mchumi mwingine, Lois Miller, alifuatilia wanafunzi wa Texas waliovuka kidogo tu alama za kuhamia vyuo vikubwa vya umma, akakuta baadaye kipato chao kiko chini ya wenzao waliozikosa kidogo. Baadhi waliacha kozi zenye hela wakaishia kwenye nyingine, wakapungukiwa na uzoefu wa kazi, na huenda pia wakawapoteza watu waliokuwa wakiwabeba.

Texas si Tanzania, najua. Ila huyu wetu Jumamosi yuko Mwaloni Kirumba anashika daftari la dagaa wa mama yake: magunia yaliyoingia, nani kakopa, nani kalipa nusu. Analala kwao, halipi hosteli. Kundi lake la diskasheni linakutana barazani kwetu na kumaliza chai yote. Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, na bumu, yaani mkopo wa mwanafunzi, la kule litaliwa na nauli na chumba.

Jana tulikaa na matokeo yake, peni mkononi, tukapitia somo moja moja. TCU, tume ya vyuo vikuu, ina utaratibu wa kuhamisha krediti za masomo uliyofaulu, lakini somo lisilofanana na la kule huenda lisihesabiwe. Mawili tuliyazungushia duara, akanuna. Kaka naye anasema namkatisha tamaa mtoto.

Nimemwambia aandike kwanza kuulizia nafasi ya uhasibu na hizo krediti. Wakimjibu ipo, nauli ya basi natoa mimi.