Vifaranga wa "Baraka"

Jana umeme ulirudi saa nne usiku, watoto wamelala, nikaifungua tena "Baraka". Mara ya kwanza niliiona nikiwa chuoni, watu sita tumebanana mbele ya kompyuta moja. Kilichonivuta ni jina: neno alilolitamka bibi kila alipofunika chungu, leo limepewa filamu ya Mmarekani, Ron Fricke. Ilitoka 1992, imepigwa kwa mkanda mpana wa milimita 70 katika mabara sita, na haina msimulizi. Ni picha na muziki tu.

Enzi zile nilimpenda yule nyani wa Japani aliyejikalia kwenye chemchemi ya maji moto, theluji kichwani, macho yakifumba taratibu. Wamasai walipotokea tulishangilia kama tumeona ndugu. Kiwanda cha vifaranga nilikitazama kama jambo la huko kwao.

Jana ndicho kilichonishika. Vifaranga wa manjano wanamwagwa kwenye mkanda wa mashine, mikono inawachambua upesi, wanatumbukizwa kwenye mirija, midomo inachomwa. Katikati yake wanaingia abiria wa Tokyo, wakimiminika vituoni, wakibebwa na ngazi za umeme. Fricke haelezi kitu. Anaziunganisha picha, basi.

Mwaka wa tatu huu nafuga kuku wa mayai 200 uani kwangu. Vifaranga hunijia kwenye maboksi yenye matundu, na sijawahi kujiuliza walipitia mikono gani. Midomo yao nimeikata pia. Fundi huja na mashine yenye kisu cha moto, mimi ndiye ninayewashika. Wasipokatwa hudonoana hadi kuuana. Nimeona kwa macho yangu. Lakini hudonoana kwa sababu nimewabana. Kuku wa bibi walichakura kutwa, usiku wakalala juu ya mwembe, na hakuna aliyewahi kukatwa mdomo.

Nikaendelea kutazama. Visima vya mafuta vya Kuwait vinawaka. Mtawa anatembea mtaani Tokyo, hatua moja, kengele, hatua nyingine, umati ukimpita kasi. Huyo nilimrudia mara tatu.

Asubuhi nimelipima banda kwa hatua. Nikibomoa ukuta wa nyuma naweza kuwafungulia hadi kwenye mipapai, ila kuku wabaki 120. Trei za mayai zitapungua, na ada ya shule inadaiwa Januari. Nimeanza na ukuta.