Diski zilibadilika jina baada ya kuhamia draiva ya mrsas

Seva ya FreeBSD (mfumo endeshi) ya duka moja la jumla Kariakoo ina kadi ya LSI ya kuunganisha diski, yenye chipu ya SAS2208, na ilikuwa ikitumia draiva (programu ya kuendesha kadi) ya mfi. Nilitaka mrsas, kwa kuwa inapitisha diski kwenye CAM, sehemu ya FreeBSD inayosimamia diski, kama diski za SCSI za kawaida. Nikaongeza hw.mfi.mrsas_enable="1" kwenye /boot/loader.conf, faili la mipangilio ya kuwaka, nikawasha upya.

Ikagoma. Skrini nyeusi, mountroot> tu: mfumo unauliza diski ya kuwakia iko wapi. Dada wa kaunta akauliza, “Kaka, hesabu zetu zimepotea?”

Hazikupotea, asante Mungu. Mfid0 sasa inaitwa da0, ila fstab, faili la orodha ya diski za kufungua, ilishikilia jina la zamani. Hapo kwenye mountroot> nikaandika ufs:/dev/da0p2, kisha nikabadilisha fstab itumie lebo za GPT, yaani majina yaliyoandikwa kwenye diski yenyewe, ambazo draiva haiziathiri. Ikawaka.