Sema Unaona, Mama

Nilimbana Mama kiwiko, nikamnong'oneza, "Sema unaona."

Tulikuwa mbele ya jukwaa kwenye mkutano wa injili hapa Dodoma mjini, Agosti ya mwaka juzi, upepo wa kiangazi unapeperusha vumbi mpaka unalitafuna. Mhubiri alikuwa ameshamwombea. Alimfunika macho kwa viganja, akakemea, akaviondoa, akauliza kwenye kipaza sauti, "Mama, unaona?" Vigelegele vilianza kabla hajajibu.

Mama akafikiri. Ni mkulima wa mtama kutoka Kongwa, na swali hulipima kwanza kama anavyopima debe sokoni. Akasema, "Naona kidogo. Lakini hata asubuhi nilikuwa naona kidogo. Na kope bado zinachoma."

Kipaza sauti kiliondoka mdomoni mwake haraka kuliko kilivyokuja. Kwaya ikaanzisha wimbo. Kijana mmoja akatushusha kwa adabu zote, akaniambia pembeni nikamsaidie mama kuongeza imani.

Kwenye bajaji sikumsemesha. Nilikuwa nimefunga siku tatu kwa ajili ya ile jioni. Mimi ni fundi cherehani, na karibu kila mteja aliyekuja kupima gauni wiki ile nilimwambia kwamba Mama anakwenda kupokea macho yake. Sasa ningewaambia nini? Yeye alikaa ametulia, kanga imefunika nusu ya uso kuzuia vumbi. Tulipofika nyumbani aliniuliza kama chumvi ya mlenda ilikuwa imebaki. Nilizidi kukasirika.

Mama ana vikope, ule ugonjwa ambao vitabuni unaitwa trakoma. Kwetu Kongwa si habari ngeni, watafiti wa macho wamekuwa wakija na kuondoka tangu mimi ni mtoto. Vijidudu vyake vinabebwa na mikono, nzi, na upindo wa kanga uliofuta uso wa mtoto mmoja kisha ukafuta wa mwingine. Ndiyo maana akina mama unawapata zaidi kuliko akina baba. Ukiugua mara nyingi tangu utotoni, kope ya juu inapata makovu kwa ndani, inajikunja, na vinyweleo vyake vinaanza kukwaruza jicho kila unapopepesa. Mama alikuwa na kibano kidogo cha bati alichofungia kwenye pindo la kanga. Asubuhi anakaa mlangoni penye mwanga, anapapasa ukingo wa kope kwa kidole, akikuta unywele anaung'oa. Baada ya siku chache unarudi mfupi na mgumu, unachoma kuliko mwanzo.

Wiki mbili baada ya mkutano, kikundi chetu cha akina mama kanisani (sisi ni Waanglikana) kiligawana hadithi za uponyaji. Kila mmoja aandae moja, aje atuambie imemfundisha nini yeye mwenyewe, si alichosikia kwa mchungaji. Tuliokota vikaratasi. Nilitaka Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko. Bartimayo ana kelele, ana vazi la kutupa, na anamaliza vizuri. Nikaokota Marko 8, mstari wa 22 hadi wa 26: kipofu wa Bethsaida. Nilikuwa sijawahi kusikia mahubiri yake hata mara moja, na niliposoma nikaelewa kwa nini. Ni uponyaji ambao mara ya kwanza haukukamilika. Mathayo na Luka hawakuuandika kabisa.

Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nilifanya ninavyofanya kitambaa kikiwa kigumu: nakata kidogo kidogo. Mistari ni mitano. Nikaamua kila usiku mmoja, nausoma kwa sauti mara tatu, halafu naandika chochote kinachokuja, nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mama alikuwa bado yuko kwangu na kusoma hawezi tena, basi nikawa namsomea yeye. Hilo sikulipanga. Ndilo lililofanya kazi.

Usiku wa kwanza: "Wakafika Bethsaida, wakamletea kipofu, wakamsihi amguse." Nilisoma nikaona hakuna kitu. Mama akauliza, "Waliomleta ni nani?" Nikasema haijaandikwa, labda ndugu zake. "Wanafanya nini baadaye?" Nikaangalia mistari yote iliyobaki. Hawamo. Wanamleta, wanasihi, basi, Marko hawataji tena. Nililala nikiwa nimeudhika kidogo, kwa sababu mimi ndiye "wakamletea" wa nyumba hii.

Usiku wa pili ulikuwa mrefu. Yesu anamshika mkono yule kipofu, anamtoa nje ya kijiji. Hapo Mama alinisimamisha. Akasema mimi sijui maana ya kushikwa mkono, kwa kuwa sijawahi kuongozwa. Kijijini anayeongoza kipofu ni mtoto, wanashika fimbo moja, mtoto mbele, na mtoto akichoka au akiona wenzake wanacheza anakuacha umesimama juani. "Huyu alimshika mkono mwenyewe," alisema, "na safari yenyewe hatuambiwi ni hatua ngapi. Inawezekana walikuwa wanaongea." Nimesoma Biblia tangu kipaimara na safari hiyo sijawahi kuiona. Huwa naruka moja kwa moja kwenye muujiza.

Pale Yesu anapomtemea mate machoni na kumwekea mikono nilitaka kupita haraka, naona kinyaa. Mama akacheka. Akanikumbusha kwamba bibi yangu alikuwa akitutemea kimate kidogo kifuani tukitaka kusafiri, na hakuna aliyekwenda kunawa. Sawa.

Halafu likaja swali. "Waona kitu?" Mimi na yeye tukanyamaza pamoja.

"Kumbe naye aliuliza," akasema Mama.

Usiku wa tatu sikutaka kusoma. Nilijua kinachofuata: "Naona watu kama miti, inakwenda." Nilisoma bila kumwangalia. Mama hakunisuta. Alichofanya ni kunieleza kama mtu anayeifahamu barabara hiyo. Ukiwa na ukungu machoni, mtu aliyesimama na mwarobaini mchanga ni kitu kimoja mpaka mmoja wao aondoke. Akaongeza kwamba yule bwana hakuzaliwa kipofu, vinginevyo angejuaje mti unafananaje? Aliwahi kuona, akapoteza, kama yeye. Baadaye nilikuta wafafanuzi wa Biblia nao wanalisema hilo, wakitazama pia neno la Kigiriki la mstari wa 25, lenye maana ya kurudishiwa hali ya kwanza. Mama alifika huko bila Kigiriki.

Usiku ule niliandika kurasa mbili kwenye daftari la vipimo. Yule mtu aliulizwa na Mwana wa Mungu mwenyewe, mate bado yako machoni, na hakumpa jibu la kumfurahisha. Angeweza kusema "Naona, Bwana asifiwe." Pale alipokuwa amesimama, hilo ndilo jibu rahisi. Akasema alichokiona, kibaya kama kilivyokuwa. Na Yesu hakumkemea. Hakumwambia imani yako ni ndogo. Nilirudia mistari yote mitano nikitafuta neno imani na halimo. Kwa Bartimayo lipo, "imani yako imekuponya", sura mbili mbele. Hapa halipo. Kuna mtu anayesema kweli, na mkono unaorudi mara ya pili.

Nilikumbuka kiwiko cha Mama. Nilikuwa nimemfundisha kumdanganya Mungu ili nisiaibike mbele ya wateja wa magauni. Nilizima taa nikaenda kukaa uani. Asubuhi nilimwomba radhi. Alisema, "Yamekwisha, mwanangu. Lakini ulinibana kweli."

Mstari wa 25 tuliusoma mchana, umeme ulikuwa unasumbua usiku. "Ndipo akaweka tena mikono yake juu ya macho yake." Kwenye hilo "tena" nilikaa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu lilinigusa mahali ambapo nilikuwa sijamwambia mtu. Miaka kadhaa nyuma wagawa dawa walipita kijijini, wale wanaokupima urefu kwa fimbo ili wajue vidonge vingapi umeze, wakamwambia Mama kwamba kwa kope zilizokwisha kupinda vidonge havitoshi, aende akafanyiwe upasuaji mdogo. Aliogopa kisu. Mimi sikuogopa kisu, nilisema tu tuombe kwanza. Na baada ya kuomba, kumpeleka hospitali nilikuona kama kumwambia Mungu ameshindwa. Nilikuwa nimejifungia na Mama humo ndani, yeye anang'oa kope mlangoni kila asubuhi na mimi nikiita jambo hilo imani.

Kama Yesu mwenyewe hakuona haya kuweka mikono mara mbili, mimi nilikuwa nalinda heshima ya nani?

Nilisoma pia kinachotangulia na kinachofuata, kitu ambacho huwa sifanyi, na ninamshauri yeyote mwenye kikaratasi cha mistari mitano afanye hivyo. Mistari michache kabla, Yesu anawauliza wanafunzi kama wana macho na hawaoni. Mara baada ya hadithi hii Petro anasema, "Wewe ndiwe Kristo," na kabla sura haijaisha anaambiwa arudi nyuma, tena anaitwa Shetani. Anaona, lakini anaona miti inayotembea. Na Bethsaida, kwa mujibu wa Yohana, ni mji wa Petro mwenyewe. Sijui kama Marko aliyapanga hivyo kwa makusudi. Mimi nadhani ndiyo.

Mstari wa mwisho, "Hata kijijini usiingie," Mama aliuelewa kwa namna yake: "Huyu hakutaka kipaza sauti."

Jumatano ile kwenye kikundi nilieleza yote, na kiwiko nikakitaja. Dada mmoja alisema napunguza nguvu ya Mungu mbele ya watu. Mwingine, mjane, hakusema neno, alinifuata nje akaniambia amekuwa akishuhudia kupona kisukari na vidonge anameza kwa kujificha. Tulisimama getini mpaka giza likaingia.

Novemba, kabla mvua hazijaanza na Mama hajaanza kudai kurudi shambani, tulikwenda kwenye kliniki ya macho. Muuguzi alimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na mabega ya Mama yakashuka palepale. Upasuaji wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko foleni. Wanachoma sindano ya ganzi kwenye kope, wanaikata kwa ndani, wanaigeuza na kuishona ili vinyweleo vielekee nje. Kama mshonaji niliuliza maswali mengi kupita kiasi, na daktari akanionyesha kwa kidole juu ya kope yangu mwenyewe mahali mshono unapopita. Ni kama kugeuza pindo lililolala vibaya. Alinieleza pia wazi kwamba kovu lililokwisha kuingia kwenye kioo cha jicho halitafutika, kwa hiyo asitegemee kuona kama msichana. Kinachokoma ni kukwaruza.

Kesho yake bandeji ilifunguliwa. Muuguzi akauliza, na niliapa moyoni sitasema neno: "Bibi, unaona?"

Mama akapepesa. Akapepesa tena, taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vipya. "Sioni zaidi ya jana," akasema. "Lakini hakichomi kitu." Machozi yakamtoka, akakatazwa kuyafuta kwa kanga, akapewa kipande safi cha pamba.

Usiku wa kuamkia leo, karibu mwaka na nusu tangu siku hiyo, alinipigia simu kutoka kijijini. Jicho la kulia ni zima. La kushoto, vinyweleo vitatu vya kope vimejikunja tena upande wa puani. Tulikuwa tumeambiwa hutokea, na vikirudi jicho hufanyiwa upasuaji tena. Nilitegemea nitasikia hofu ya zamani, hofu yangu hasa. Nikamuuliza kama ameving'oa. Akasema kibano alimpa jirani anatolea miiba ya miguuni.

"Soma lile neno," akaniambia.

"Lipi, Mama?"

"Tena."

Alhamisi anakuja kwa basi la asubuhi kupitia Mbande. Nilimwambia nitampokea stendi nimshike mkono, magari ni mengi siku hizi. Amesema nisimame karibu na mwarobaini wowote, na nisitikisike mpaka afike, anataka kujaribu kunijua mwenyewe.