Siku shafti ilipokatika: nilivyojifunza kuongoza kiwanda cha alizeti

Baba yangu alipofariki mwaka 2016, aliniachia kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti mjini Singida: mashine mbili za kukamua, chujio moja, stoo ya magunia na wafanyakazi 11, ambao wengi wao walinifahamu tangu nikiwa mwanafunzi. Nilikuwa nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka minane, kwa hiyo hesabu hazikunisumbua, lakini kusimama mbele ya watu waliomzoea baba kulinitia hofu kubwa. Niliamini kwamba binti anayerithi kiwanda hana budi kuonyesha mapema kwamba hachezewi, nami nikalionyesha hilo kila siku kwa sauti ya juu, kwa kujibu kabla mtu hajamaliza kusema, na kwa kumkaripia yeyote mbele ya yeyote. Misimu miwili ya kwanza uzalishaji ulipanda, nikajiaminisha kwamba hiyo ndiyo njia.

Asiyeijua biashara hii aelewe kwanza jinsi msimu unavyobana. Wakulima wa Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni huvuna kati ya Aprili na Juni, na mwenye kiwanda hununua alizeti nyingi kadiri awezavyo katika miezi hiyo michache, mara nyingi kwa fedha za mkopo, ili aendelee kuikamua hadi mwisho wa mwaka. Mashine ikisimama mwezi Juni, marejesho ya benki hayasimami.

Juni 2018 mashine kubwa ilisimama. Shafti, ambayo ndiyo husukuma mbegu ndani ya mashine na kuzibana mpaka zitoe mafuta, ilikatika saa tano asubuhi kwa kishindo kilichosikika hadi barabarani. Fundi aliyeifungua alinionyesha beringi iliyosagika kabisa, akasema kwamba beringi haifiki hali ile kwa siku moja, na kwamba lazima ilikuwa ikipiga kelele kwa muda. Nikamwita kijana aliyekuwa akiisimamia mashine, nikamuuliza kama hakuisikia. Akaniambia kwa upole, huku akifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta: "Niliisikia, mama. Hii ni siku ya tano." Nilipouliza kwa nini hakusema, alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Mwezi uliopita nilikuambia mkanda umechakaa. Ulisema mbele ya wateja kwamba kazi yangu ni kutafuta sababu za kupumzika."

Nilikumbuka siku ile vizuri. Hata wateja wenyewe niliwakumbuka, kwa kuwa walicheka. Shafti mpya ilibidi ichongwe Arusha, na kwa siku tisa tulikaa na stoo iliyojaa alizeti bila kuikamua.

Katika siku hizo tisa nilimkumbuka sana baba. Ujanani mwake, miaka ya 1970, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo cha umma jijini Dar es Salaam, na mara nyingi alituhadithia jinsi wafanyakazi wenzake walivyoupokea Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, wa mwaka 1971, ambao kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Watu wa kawaida walikikariri kifungu kile na kukitumia dhidi ya mameneja wao, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifikia hatua ya kukitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Baba alikuwa akisema kwamba migomo mingi aliyoiona haikuanzia kwenye mshahara bali kwenye tusi. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi nikiwa mtoto, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuwa upande wa mameneja wale.

Shafti iliporudi, kabla ya kuwasha mashine, niliwakusanya wafanyakazi wote na kumwomba radhi yule kijana kwa jina lake. Nilikuwa nimeshauriwa na ndugu yangu nimwite ofisini tukayamalize wawili, lakini nilimdhalilisha hadharani, na sikuona haki ya kumheshimu gizani. Nilisema pia kwamba kuanzia siku ile, msimamizi wa mashine ana ruhusa ya kuizima wakati wowote anapoitilia shaka, bila kuniuliza. Mama mmoja wa kitengo cha kupepeta, ambaye umri wake unalingana na wa mama yangu, alisema tu, "Haya, mwanetu, tutaona." Sikupenda maneno yale wakati ule. Leo naona kwamba alikuwa mkweli kuliko waliopiga makofi.

Nilitundika daftari kwa kamba karibu na swichi kuu ili mtu aandike tatizo lolote aliloliona. Wiki mbili zilipita bila neno hata moja. Kisha siku moja nikakuta mstari ulioandikwa kwa penseli: "Mlango wa stoo haufungi vizuri." Lilikuwa jambo dogo, lakini nilielewa kwamba ninapimwa, hivyo sikumtuma mtu. Nilikwenda mwenyewe sokoni mchana ule ule, nikanunua komeo, likafungwa kabla ya watu kuondoka. Kesho yake daftari lilikuwa na mistari mitatu. Ikiwa kuna jambo moja ambalo ningemwambia mtu anayeanza kuongoza biashara, ni kwamba watu hawapimi usikivu wako kwa yale unayoyasema mkutanini. Wanatazama muda unaopita kati ya neno lao na tendo lako, na huanza kwa kukupa mambo madogo ili waone utayafanyaje.

Jambo kubwa lilifuata mwezi Agosti. Mtunza stoo aliniletea daftari mkononi, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akanionyesha alichoandika: magunia 60 kutoka kwa muuzaji mmoja wa siku nyingi yalikuwa na unyevu na mchanga, na aliyeyapokea usiku bila kuyafungua ni mimi. Alizeti yenye unyevu huota ukungu stoo na hutoa mafuta machache, na mchanga hula mashine. Nilihisi hasira ikinipanda kifuani, ile ile ya zamani. Nilimwomba aketi, nikasoma mara mbili ili nipate muda wa kutulia, kisha tukaenda pamoja kuyafungua. Aliyoyaandika yalikuwa kweli. Nusu ya magunia tuliyaanika upya, mengine niliyauza kwa hasara, na chini ya mstari wake nikaandika kwamba kosa ni langu, nikatia sahihi.

Kusikiliza kulinilazimisha pia kuyaangalia mambo ambayo daftari lisingeyasema. Tangu enzi za baba, wakati wa msimu watu walikesha na kupewa chakula na "ahsante". Nilikaa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo nilikuwa nikiijua kwa jina tu, nikaona kwamba wiki ya kazi ya kawaida haizidi saa 45, kwamba saa za ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida na zisizidi 50 katika wiki nne, na kwamba kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Nilianza kulipa hivyo msimu wa 2019, nikaajiri watu wawili zaidi kwa zamu ya usiku. Gharama ilipanda, na sitaficha kwamba iliniuma. Hata hivyo sikuona uso wa kumwambia mtu awe mkweli kwangu ilhali mimi nilikuwa nikichukua saa zake bila kuzilipa.

Mtihani uliokuwa mgumu kuliko yote ulikuja mwaka 2023, bei ya alizeti iliposhuka sana na mafuta ya kula kutoka nje yakawa ya bei nafuu madukani. Niliwaita wote, tukakaa juu ya magunia matupu, nikawasomea hesabu jinsi zilivyo: deni la benki, bei ya dumu la lita 20, mapato ya mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, tunayowauzia wafugaji, na jumla ya mishahara. Zamani ningeona kwamba kufungua vitabu namna hiyo ni kujivua nguo mbele ya watu. Ukimya ulikuwa mrefu, kisha mawazo yakaanza kutoka. Walipendekeza zamu ya usiku ifungwe mapema, kila mtu achukue likizo yake ya mwaka katika miezi ambayo stoo huwa tupu, na tutafute wanunuzi wa mashudu walio mbali zaidi, hata ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Yote matatu tuliyafuata, na hakuna aliyepunguzwa kazini.

Pendekezo la nne nilikataa. Mmoja wao, mtu mwema ambaye nia yake ilikuwa kuokoa ajira za wenzake, alisema tuchanganye mafuta yetu na ya mawese ya bei nafuu kama alivyosikia wengine wakifanya. Baadhi walitikisa vichwa kukubali. Nililazimika kusema hapana mara moja, bila kura wala majadiliano marefu, na kueleza sababu: lebo yetu inasema alizeti, yenye alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na anayenunua dumu lile analipia kilichoandikwa. Nilihofia kwamba kukataa kwangu kungewafunga vinywa tena. Haikuwa hivyo, na nadhani ni kwa sababu walikuwa wameona mengine matatu yakikubaliwa na wakaisikia sababu ya hili moja. Kuna viongozi ninaowafahamu ambao, wakishajifunza kusikiliza, huogopa kuamua, na biashara zao huyumba kwa namna nyingine. Wafanyakazi wangu hawakunitaka niwe mwenzao wa kupiga gumzo. Walitaka mtu wa kuwaambia ukweli naye akaambiwa, kisha akabeba uamuzi mabegani mwake.

Yule kijana wa mashine ndiye msimamizi wa zamu ya usiku sasa. Msimu uliopita alinipigia simu saa nane usiku, akasema amezima mashine kubwa kwa sababu amesikia mlio asiouelewa. Nilivaa kanga juu ya sweta, nikaenda. Tulifungua beringi kwa mwanga wa tochi, tukakagua shafti, mkanda na kila boliti, na hatukuona hitilafu yoyote. Ilikuwa imekaribia saa kumi na moja, na mafuta ya saa zote hizo yalikuwa yamepotea. Alisimama pale akinitazama usoni, nami nikajua anasubiri nini.

"Umefanya sawa, baba," nikamwambia. "Washa."

Mashine iliposhika mwendo alikwenda kwenye daftari, akaandika kwamba ilizimwa saa nane usiku na haikukutwa na hitilafu, akanikabidhi kalamu nitie sahihi.