Nilivyovitoa vitenge vyangu kwenye shangazi kaja

Mwenzenu nashona blanketi za viraka, zile wengine wanaita kwilti, nakata vitenge na khanga vipande vipande, naunganisha, naweka sponji nyembamba katikati napiga mashine. Hela yake si mbaya ila ukishaingia kwenye hii kazi kila kitambaa unakiona mali, fundi jirani anataka kutupa kipande cha kiganja tu wewe umeshakidaka. Nimekusanya miaka sita hivi, na vyote vilikuwa kwenye mabegi manne ya shangazi kaja, mawili juu ya kabati mawili chini ya kitanda, na vingine kwenye mifuko ya rambo niliyoificha toka kabla ya lile katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019, si unajua mtu asiyetupa kitu.

Kilichoniamsha ni masika ya mwaka juzi. Tunakaa Tabata nyumba ya kupanga, ukuta wa chumbani unapandisha unyevu toka chini. Siku hiyo natafuta kitenge cha njano cha oda ya mtu, nikavuta begi la nyuma kabisa chini ya kitanda, kufungua zipu tu harufu hiyo, kama gunia la mihogo iliyolowa. Koga. Vidoa vyeusi vidogo vidogo kama mtu kamwagia pilipili manga, na vimeshika zaidi zile khanga mpya ambazo sijawahi kuzifua, bado zina wanga wake wa dukani. Kwenye kona panya kazaa. Na kitanda cha kuwalaza watoto wake ni doti ya marehemu bibi, ile ya kiwanda cha Urafiki ya zamani, katafuna pindo upande mzima na jina limebaki nusu, linasomeka "Wema hau" basi. Nililia huku nacheka.

Jumamosi yake nikamwaga kila kitu sebuleni juu ya mkeka. Baba Nasra akapita akaniuliza, "Mama Nasra, unafungua duka?" Sikumjibu maana wakati huo huo nilikuwa nimeshika kitenge cha bluu chenye mafeni, pisi nzima ya yadi sita, na pembeni yake kipo kingine kilekile, na chini kabisa cha tatu. Yaani nimeenda Kariakoo mara tatu kwa nyakati tofauti nikanunua kitambaa kimoja, na kila mara nimerudi kwenye daladala najisifu nimeokota kitu ambacho hakuna mtu anacho.

Nikaanza na kufua. Vyote. Kitambaa kikishonwa kwenye blanketi bila kufuliwa kitakuja kuchuja au kusinyaa humo ndani, na hapo huna cha kumwambia mteja. Chumvi nimeijaribu kama wanavyosema watu, kitenge chekundu kikachuja vilevile. Siku hizi nalowesha kipande cheupe cha pamba, nakiweka juu ya kitenge nakandamiza na pasi ya moto, kikitoka na rangi basi hicho kitenge kinakaa kwake peke yake, hakiguswi na kitu cheupe. Kuanika naanika kivulini, kwa ndani nje.

Kupanga ndiyo kulinisumbua. Nilianza kwa rangi, maana picha za watu mtandaoni zinavutia, shelfu nzima imepangwa kama upinde wa mvua. Haya, kitenge chenye kijani, chungwa, zambarau na maua meusi unakiweka wapi? Siku mbili nahamisha tu. Mwisho nikapanga kwa uzito, waksi nzito zile zenye rangi pande zote mbili zikakaa shelfu moja, vitenge vyepesi vya rangi upande mmoja shelfu nyingine, khanga kwao, batiki kwao. Imenisaidia hata kwenye kushona kwa sababu ukichanganya nzito na nyepesi kwenye blanketi moja, ile nzito inaivuta mwenzake mshono unakunja uso.

Ili nivione vyote bila kuvuruga nikaona nivikunje kwenye kadibodi visimame kama vitabu. Nikaenda kwa Mangi mwenye duka nikaomba maboksi, nikakata vipande vya inchi 12 kwa 7, kitenge nakikunja upana wake mara nne halafu nakizungusha, ncha nabana na pini. Kabati likapendeza hilo! Wiki ya tatu nafungua mlango, mende. Maboksi ya dukani yana mayai ya mende kwenye yale matundu ya katikati na mimi nimeyabeba mwenyewe nikayafunika na vitambaa vizuri. Nikatoa yote. Nikapata mabaki ya PVC, zile mbao za plastiki za dari, kwa fundi wa silingi, buku mbili rundo zima, nikakata saizi ileile nikaziba ncha kwa selotepu, mpaka leo hakuna mgeni. Pini nazo niliacha maana zinapata kutu na kutu kwenye kitambaa haitoki kirahisi, sasa nafunga na utepe wa kitambaa chenyewe.

Khanga sizungushi. Nazikunja bapa, doti kwa doti, na nimejifunza kuzikunja ili lile jina litokee kwa nje, hivyo nikifungua kabati nasoma tu ubavuni kama magazeti, sina haja ya kuvuta rundo zima. Kila baada ya miezi michache nabadilisha mkunjo, maana khanga ikikaa na mkunjo mmoja miaka, rangi inapauka kwenye ule mstari na uzi unachoka.

Kabati lenyewe nimelisogeza mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita na nimelinyanyua kwa tofali. Kioo cha mlango nimekiwekea pazia kwa sababu ya jua la saa tisa. Naftalini niliziweka mwanzo nikazitoa, harufu haitoki kwenye blanketi na nina mtoto anayeweka kila kitu mdomoni. Mama mkwe alipokuja toka Tanga akasema, "Mwanangu, wewe fukiza udi, na karafuu uzifunge kwenye kitambaa." Karafuu nikamwambia sawa mama, naweka na nabadilisha zikiisha harufu. Udi nafukiza chumba, kabati nafungua tu milango. Chetezo cha makaa ndani ya kabati la vitenge hapana, nampenda mama mkwe lakini si kiasi hicho.

Mabaki yana ndoo tatu za rangi zenye mfuniko. Kinachotoa mraba wa inchi tano kinakatwa palepale kinaingia ya kwanza, vile virefu vyembamba ya pili, na kidogo kuliko kiganja changu kinaenda ya tatu kujazia mito. Huko kwenye ndoo ya tatu ndiko roho inakouma, ila bila hiyo nilikuwa nahifadhi takataka.

Na kuna kidaftari. Kila kitambaa nimebandika kipande chake na yadi zilizobaki pembeni (kwa gundi, stepla zilitoa kutu). Simu nilijaribu, picha inadanganya rangi. Juzi nipo Kariakoo muuzaji ananifungulia kitenge cha bluu cha mafeni, "dada hiki kimeingia leo," moyo ukaruka, nikafungua kidaftari. Yadi kumi na moja.

Kilichonishinda ni lasi na satini, zinateleza kwenye PVC zinadondoka. Hizo bado zipo kwenye shangazi kaja moja nyuma ya mlango, na baba Nasra anajua ni nguo za kugawa.